Ndugu wa Kila Kitanda

Katika daftari la mapokezi la hospitali niliyofanyia kazi Lodwar, mwanamke mmoja ni binti wa mzee wa Kisomali, dada wa mwanamke wa Kirundi, mama mdogo wa kijana wa Sudan Kusini ambaye miguu yake ilipita ukingo wa kitanda, na shangazi wa mtoto wa Kihabeshi ambaye hawakuwa na lugha hata moja ya kuelewana naye. Mwandiko wote huo ni wangu. Nilikuwa karani wa rekodi, nakaa nyuma ya dirisha lenye nondo, na kila mgonjwa aliyeletwa na gari kutoka kambi ya Kakuma alipitia kwangu, yeye na mtu mmoja wa kumtunza. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa uhusiano. Mwanamke huyo hakuwahi kuuacha wazi.

Jina lake nililijua, maana majina ndiyo yaliyokuwa kazi yangu, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Alitoka Uvira, Kongo, na kwao mtu anayekaa na mgonjwa wodini huitwa garde-malade. Wauguzi wetu hawakuwa na wakati wa Kifaransa, wakamwita Mama Gadi. Alilipokea jina hilo bila furaha wala chuki, kama alivyopokea mambo mengi. Namwandika leo kwa sababu kalamu ile ile iliyomfanya ndugu wa watu wote ndiyo iliyomfungia mlango, na kalamu hiyo nilikuwa nimeishika mimi.

Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa amesimama mbele ya dirisha na msalaba wa mbao shingoni, kitenge cha kijani kimefungwa juu ya kingine. Nyuma yake, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa mzee mwenye ndevu za hina akivuta tasbihi.

"Uhusiano?" nikauliza bila kuinua kichwa.

"Binti yake."

Hapo nikainua kichwa. "Mama, huyu mzee ni Msomali."

"Njo baba yangu sasa," akasema, njo ya kwao ikiwa ndiye yetu. "Binti ya kwake alibaki mu njia."

Mzee alikuwa akitutazama kwa zamu, haelewi tunabishania nini. Foleni ilikuwa imefika langoni, na jua la Lodwar ikishafika saa nne halimruhusu mtu mabishano marefu. Nikaandika: binti.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi kuusema. Mkimbizi hatoki kambini bila hati ya safari, na hati ya matibabu ilitolewa kwa mgonjwa na ndugu mmoja. Asiye na ndugu alikuja peke yake. Na kuja peke yako katika hospitali zetu ni jambo zito, mtu yeyote aliyewahi kulazwa anajua. Muuguzi ni mmoja kwa wodi nzima. Dawa utaletewa, lakini maji hutaletewa. Chakula kitawekwa kwenye kijimeza, na ikiwa huwezi kunyoosha mkono, saa moja baadaye kitaondolewa kikiwa kimepoa na kuandikwa kwamba mgonjwa hana hamu ya kula. Kule kambini watu wa mtaa wake walijua. Akipatikana mgonjwa asiye na mtu, walikwenda kugonga kwa Mama Gadi, naye alikwenda ofisini kuapa kwamba huyo ni wake. Waliotoa hati walijua pia, nadhani, ila hakuna aliyeuliza swali ambalo jibu lake lingemwongezea kazi.

Siku hizo sikumpenda. Niseme wazi. Mimi ni Mturkana wa Lokori, na binamu yangu alipovunjika nyonga aliletwa Lodwar juu ya lori la mbuzi, siku mbili, huku wakimbizi wakija na gari lenye godoro. Niliona kwamba dunia nzima imewatazama wageni na kutupa sisi kisogo. Nilimwambia hivyo siku moja, kwa hasira kabisa, nikitegemea atabisha.

Alifikiri kidogo. "Unasema kweli," akajibu. "Njaa ni moja. Lakini njaa yenu iko na miguu. Weye ukichoka na Lodwar utapanda gari uende Lokori, uende Kapedo, uende fasi unataka. Yetu ilifungwa kamba."

Nilicheka wakati ule. Nilidhani ni maneno tu ya mtu hodari wa maneno.

Mali yake barabarani ilikuwa ndoo ya buluu yenye mfuniko. Ndani yake mlikuwa na kijiko cha mti, kikombe cha bati, kipande cha sabuni, nguo ya kubadilisha na unga kidogo. Akifika wodini alimwaga vitu vyake chini ya kitanda, na ndoo ikawa beseni la kuogeshea, kisha chombo cha kufulia, kisha, ikigeuzwa, kiti. Nimemwona amekaa juu ya ndoo ile siku nzima, mgongo wima, mkono mmoja juu ya shuka la mgonjwa. Hakushika mkono wa mtu. Alishika shuka tu, karibu na mguu, ili mgonjwa akigeuka yeye ajue.

Mtu aliyedanganya hivyo dirishani kwangu, ungedhani wodini angesema uongo mtamu. Hapana. Pale kitandani hakuwahi kudanganya hata mara moja. Wagonjwa wote huuliza swali lile lile, na jamaa wote hujibu utapona, Mungu ni mwema, kesho tunarudi nyumbani. Kijana wa Sudan Kusini alimwuliza baada ya mguu wake kukatwa, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, mimi tapona?"

"Sijui," akamwambia. "Niko hapa."

Muuguzi wa zamu alikasirika, akamwambia mgonjwa hupewa moyo. Mama Gadi akasema moyo anao, kinachokosekana ni uji, na akaenda kuutafuta.

Alikuwa na visa vyake. Sabuni ya hospitali ikipotea, sote tulijua imo kwenye ndoo gani. Hakuvumilia kilio. Jamaa wa kitanda cha jirani akianza kulia, alimtoa nje kwa kumshika kiwiko, akamwambia alie kwenye ukuta wa maabara na akimaliza arudi na maji. Ukuta huo wa maabara ndio uliokuwa na kivuli pekee cha maana, na wanawake wa Kiturkana waliokuja na wagonjwa wao walikuwa wameutwaa tangu zamani. Aligombana nao wiki nzima juu ya nafasi ya kutandika mkeka, yeye kwa lugha yake na wao kwa yao, na matusi yakafika bila mkalimani. Safari iliyofuata nilimkuta amekaa katikati yao, mmoja akimvika uzi wa shanga, na nilipopita akanisalimu "Ejok" kwa sauti ya Uvira hadi wote wakaangua kicheko. Sikujua walipatanaje. Nilipomwuliza alisema mmoja wao alifiwa.

Alipenda kutania kwa methali yetu ya mgeni. "Banasema mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe," aliniambia mara nyingi. "Miye niko mugeni mwaka wa ine. Jembe iko wapi?" Karatasi yake ilikuwa bado ya mwomba hifadhi. Aliitwa kuhojiwa, akaahirishwa, akaitwa tena, akaambiwa angoje ujumbe. Hakuruhusiwa kufanya kazi ya mshahara. Hakuruhusiwa kukaa nje ya kambi. Lililoruhusiwa lilikuwa ni kungoja, na kungoja kwake alikufanya kwenye vitanda vya watu wengine.

Yule mwanamke wa Kirundi, aliyeandikwa dada yake, alifariki siku ya Alhamisi kwa ugonjwa wa figo. Gari la kambi lingekuja Jumanne. Hati ya Mama Gadi ilikuwa inaisha Jumamosi, na mkimbizi mwenye hati iliyoisha akikutwa mjini anaweza kulala selo. Nilimweleza hayo. Nikamtafutia nafasi kwenye lori la Ijumaa. Akakataa, akageuza ndoo yake nje ya mlango wa chumba cha maiti, akakaa.

"Mama, huyu hahitaji tena mtu," nikamwambia.

"Njo sasa anahitaji," akasema. "Bakiita jina yake, nani ataitika?"

Alikaa hapo hadi Jumanne. Askari mmoja alikuja, akatazama hati, akatazama mlango, akaondoka. Asubuhi ya kuondoka waliita jina la marehemu wakisoma orodha, na yeye akaitika kwa sauti ya kawaida, "Hapa," akapanda gari pamoja na mwili. Nilirudi dirishani kwangu nikiwa na aibu ambayo sikujua nimeipata wapi. Tangu siku hiyo nilianza kumwekea chai.

Na ni kwa sababu ya chai hiyo aliniambia. Ilikuwa katikati ya mwaka 2012, kijana wa mguu amelala, yeye amekuja kuchukua kikombe chake dirishani. Aliniuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: mwanamke akiwa na kivimbe ku ziwa, hakiumi, kinakua polepole, kwenye faili wanaandikaje?

"Nani?" nikauliza.

"Mwanamuke moja."

Niliacha kalamu. Alikuwa ameshika ubavu wake wa kushoto kwa kiganja, juu ya kitenge, na nikatambua kwamba nimemwona akishika hivyo kwa miezi. Nilimwambia aende kliniki ya kambi siku ile ile atakayorudi, aombe barua ya kuletwa kwa daktari wa upasuaji. Alikwenda. Walimpima, wakamwandika kwenye orodha ya wanaongoja kupelekwa Lodwar. Daktari wetu mmoja, nilipomweleza, alisema kikiwa bado kidogo kinakatwa na mtu anaishi. Ni kuwahi tu, alisema.

Kuwahi. Orodha ilikuwa ndefu. Kamati iliyoamua nani apelekwe ilikutana mara kwa mara na jina lake likasogezwa nyuma mara kwa mara, kwa kuwa alikuwa anatembea, anacheka, anasindikiza wengine. Mtu anayeweza kumbeba mgonjwa haonekani mgonjwa. Ndipo nikapata wazo langu.

Niliwaandikia barua. Wapokeaji walikuwa watu wa ofisi iliyotoa hati, kule Kakuma. Niliiandika kwa Kiingereza changu cha ofisini, kile nilichosifiwa shuleni Lodwar, nikaandika rasimu mbili na kuinakili ya tatu. Nilisema kuna mwanamke ambaye hospitali yetu inamshukuru. Nikafungua daftari langu, nikaorodhesha wagonjwa kumi na mmoja aliowatunza, na kando ya kila mmoja nikaandika uhusiano aliojipa, binti, dada, mama mdogo, shangazi, ili waone jinsi alivyojitoa kwa watu wasio wa damu yake. Nikamalizia kwa kuomba kwamba mtu kama huyu, akiwa sasa ni mgonjwa yeye mwenyewe, aharakishiwe matibabu. Nilipiga muhuri kwa nguvu. Nilikuwa na furaha jioni ile, nakumbuka, nilinunua nyama.

Gari likaendelea kuja kila Jumanne. Yeye hakuja. Wiki ya kwanza nilidhani wanamwandalia safari yake. Wiki ya tatu mwanamke mzee aliletwa peke yake kutoka kambini, hawezi kukaa, na nilipouliza yuko wapi mtu wake dereva akanijibu huku akifunga mlango.

"Siku hizi wako mkali, dada. Keateka, ule wa kutunza mgonjwa, lazima awe kwa kadi moja ya chakula na yeye. Si yule mama wa Kongo alishikwa? Ati alikuwa anadanganya watu ni ndugu zake."

Nilichukua ruhusa ya siku moja nikaenda Kakuma. Ofisini nilipokewa vizuri na kijana wa Nairobi, mpole, shati limepigwa pasi. Alinipa kiti. Alitoa faili bila kunizungusha, na hilo lenyewe lilinitia matumaini.

"Si ati tumemkatalia matibabu, madam. Hapana," akasema. "Faili bado iko kwa uhakiki. Mtu akidanganya mambo ya familia, inabidi kila kitu iangaliwe tena. Hata ile kesi yake ya hifadhi imesimama kidogo."

"Nani aliwaambia amedanganya?"

Alinitazama kana kwamba namtania. "Ni nyinyi."

Akaigeuza karatasi upande wangu. Ilikuwa barua yangu. Majina kumi na moja, mwandiko wangu, na kila neno la undugu limezungushiwa duara la wino mwekundu. Binti. Dada. Mama mdogo. Shangazi.

"Iliandikwa vizuri," akasema kijana yule, na hakuwa na ubaya. "Ilitupunguzia kazi."

Nilimwambia ilikuwa barua ya sifa. Akasema ameelewa. Nikamwomba anirudishie. Akaeleza, kwa upole ule ule, kwamba barua ikishaingia kwenye faili haitoki. Uhakiki ungechukua muda gani? Hakujua. Uhakiki ulikuwa wa idara nyingine.

Nyumba yake nilioneshwa na watoto. Kuta za tope, paa la turubai lililowekewa mawe. Alikuwa amekaa juu ya ndoo ya buluu akichagua mawe kwenye dengu za mgao, na aliponiona akasogeza mkeka kwa mguu ili nikae. Alikuwa amekonda kidogo. Nilimweleza yote, sikuficha kitu. Mikono yake haikusimama.

"Ulibaandika bote?"

"Wote kumi na mmoja."

"Na yule mutoto wa Habeshi?"

"Naye pia."

Alitupa jiwe nje ya mlango. "Na uliandika muzuri?"

"Niliandika vizuri sana, Mama."

"Minajua. Weye unaandika muzuri." Akatupa jiwe jingine. Halafu akasema bila kuinua sauti, "Miye nilikuwa nasema uongo ku dirisha. Weye ulikuwa unajua, na ulikuwa unaandika. Tulikuwa babili. Sasa mu barua yako, niko peke yangu."

Ni kweli kabisa. Katika kurasa mbili za kumsifu, sikuandika popote kwamba karani aliyejaza mstari ule alijua anachojaza. Nilimwambia anisamehe.

"Leo hapana," akasema.

Kisha akanipa maji kwenye kile kikombe cha bati, kwa sababu nilikuwa mgeni na nimetoka juani. Niliyanywa. Nilipokuwa natoka aliniuliza ni nani anamlisha yule mwanamke mzee aliyeletwa peke yake.

Niliandika barua nyingine tatu. Ya kwanza ilieleza kwamba nilieleweka vibaya. Ya pili iliomba huruma. Ya tatu ilitaja maneno ya daktari kuhusu kuwahi. Hazikujibiwa. Barua ambayo pengine ingesaidia ni ile ya nne, ya kusema: mimi, karani, niliandika undugu huo nikijua si wa damu, basi kama ni kosa mnihoji nami. Hiyo niliianza mara nyingi. Nilikuwa na wadogo wawili shuleni na kazi ya serikali ambayo watu kumi wangeigombania kabla kiti changu hakijapoa. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini hofu nayo ni hasara, ila inakuja bila kelele.

Mwaka 2013 ukaingia na uhakiki haujaisha. Madereva waliniletea habari zake vipande vipande: ameonekana kanisani, hakuonekana kanisani, kivimbe kimepasuka. Wagonjwa walikuja wawili wawili au peke yao, kulingana na kadi ya chakula. Nilijifunza kuandika neno moja kwenye ule mstari, na kalamu ikalizoea: hakuna.

Alikuja mwishoni mwa mwaka huo. Faili lilikuwa limepita, mtu fulani katika idara fulani ametia saini. Nilisikia gari, nikasikia harufu kabla sijamwona, harufu ya kidonda kilichofunikwa kwa khanga nyingi. Alitembea mwenyewe kutoka garini hadi dirishani, na ndoo mkononi. Kwenye kadi yake ya chakula kulikuwa na jina moja tu, lake. Kwa hiyo, kwa mujibu wa utaratibu, hapakuwa na mtu wa kumsindikiza.

Sikuweza kumwuliza. Nilisema tu, "Mama, nitaandika binti. Mimi."

"Bataangalia," akasema.

"Waangalie."

"Bataangalia, na bataniambia nirudi kambini faili ihakikiwe. Na weye utapoteza kazi." Aliegemeza paji la uso kwenye nondo za dirisha. "Andika hakuna. Umeshazoea."

Nikaandika hakuna.

Daktari alimwona siku ile ile. Alitoka akivua glavu, akanambia kwamba ugonjwa umeshafika kwenye mapafu, na kwamba hapa hakuna cha kukata. Angemlaza wiki moja, asafishe kidonda, ampe dawa za maumivu, kisha arudi kambini. Ni yule yule aliyesema ni kuwahi tu. Hakulirudia neno hilo, na mimi sikumkumbusha.

Wiki ile nilikwenda wodini kila saa ya chakula. Nilimletea uji, na aliumeza kwa heshima zaidi kuliko kwa njaa. Wanawake wa ukuta wa maabara walifua khanga zake bila kuombwa. Kitanda cha pili alilazwa msichana wa Loima aliyeumwa tumbo, na siku moja nilimsikia akimwuliza Mama Gadi kama atapona, akiona ni mtu mzima anayejua mambo. Mama Gadi alinyoosha mkono kwa shida, akashika pembe ya shuka la yule msichana.

"Sijui," akasema. "Niko hapa."

Mimi sikumwuliza kama amenisamehe. Hakuna siku aliyonisamehe. Hakunichukia pia. Alinieleza namna ya kushika kijiko ili uji usimwagike kidevuni, akasema nina mkono mzito.

Jumanne gari likaja. Nilimshika bega moja na msichana wa usafi bega jingine, tukamfikisha, akapandishwa nyuma akaegemea upande. Nilibaki chini na ndoo yake. Ndani mlikuwa na kijiko, kikombe na pakiti ya dawa. Dereva alikuja na orodha yake, akamtazama mgonjwa, kisha mimi.

"Kuna mtu anaenda na huyu mama? Njia ni mbaya, na vile anaumwa."

Mama Gadi alikuwa akinitazama. Hakuniomba. Alinitazama kama alivyowatazama wale waliomwuliza kama watapona, bila kuficha kitu na bila kuongeza.

"Foleni imejaa dirishani," nikasema.

"Lete ndoo," akasema.

Nikampa. Akaiweka katikati ya miguu yake na kuushika mfuniko kwa mikono miwili, na dereva akafunga mlango. Walipita lango, wakapita mlinzi aliyeandika namba ya gari, wakashika barabara ya Kakuma. Kitambulisho changu kilikuwa mfukoni, na hakuna askari hata mmoja katika njia yote ile ambaye angeniuliza nakwenda wapi.